Pima Asubuhi, Vaa Jioni

Jumatatu, Machi 4

Niseme mapema ili wajukuu wangu wasije wakabishana: katika mji huu hakuna mdomo unaouzidi wangu. Nimewahi kumuuzia mwenye kipara kitana, na wiki iliyofuata akarudi kuchukua cha kaka yake, naye kipara. Miaka mitatu nimesimama mlangoni mwa duka la nguo na spika mkononi, na mwenye duka alikiri mwenyewe kwamba siku nikiumwa koo hata panya hawaingii. Shule niliiacha kidato cha pili. Tuseme tuliachana, na yenyewe haikunililia.

Leo nimeanza chuo. Mawasiliano ya Masoko na Biashara Bunifu. Ukilitamka jina lote inabidi upumzike njiani. Nimeingia kwa mlango wa wenye uzoefu wa kazi, ambao ni mlango wa uani, lakini ukishakaa sebuleni nani anakuuliza ulipitia wapi? Tuko thelathini na wawili. Wenzangu wana kompyuta za mapajani, mimi nina daftari hili. Mwalimu wetu ni mama mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Wa mwaka jana wanamwita Madamu Herufi, kwa sababu akiona herufi iliyopinda anashika kichwa kama kapigwa. Ametuagiza kila mtu aandike shajara ya muhula. Haisahihishwi, haisomwi na mtu. Anasema ndipo mahali pekee ambapo hatutakuwa tunauza kitu. Vizuri. Basi humu nitaandika kweli tupu.

Jioni nimemweleza mjomba ninachosomea. Mjomba ni kaka yake mama. Alitupokea mimi na mama nilipokuwa na miaka sita, baba alipotoka asubuhi akasahau njia ya kurudi. Ni fundi viatu. Chumba cha mbele cha nyumba ndiyo karakana yake, na viatu vya shule vya nusu ya mji vimetoka humo. Alinisikiliza na misumari mdomoni, akaitoa mmoja mmoja, kisha akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamwambia wakilijua hilo chuoni watafunga mlango kesho. Alicheka hadi akashika benchi.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Kiatu changu cha kushoto kinaingiza maji. Mpwa wa fundi viatu, huyo.

Alhamisi, Machi 7

Kazi ya muhula imetoka. Wawili wawili, mtafute biashara ndogo ya kweli yenye mtu wa kweli, muifanyie kampeni kuanzia utafiti hadi mabango. Mwezi wa tano mtaiwasilisha mbele ya watu watatu kutoka kampuni za matangazo. Wa kwanza anapata nafasi ya miezi sita ya kujifunza kazi katika kampuni mojawapo. Darasa zima lilinyamaza kama watoto walioonyeshwa keki. Mimi nilitabasamu tu. Ile nafasi ina kiti, na kiti kile kina umbo langu.

Nimepangiwa msichana mrefu, mkimya, anayehesabu kila kitu. Nilimuuliza vipi hali, akaniambia amelala kwa muda wa saa sita na nusu. Nimempa jina Takwimu. Hakukasirika. Aliuliza tu ni wangapi nimekwisha kuwapa majina, nikasema wewe wa nne, akaandika.

Biashara yetu ni karakana ya mjomba. Kwa nini nihangaike mtaa wa saba na samaki wako jikoni?

Jumamosi, Machi 9

Takwimu kaja nyumbani na karatasi za maswali. Mama alimpikia chai mara mbili, ishara mbaya, maana ameanza kumwita mkwe. Mjomba alivaa shati la kutokea.

Swali lilikuwa moja tu la maana: kiatu kimoja kinachukua muda gani? Mjomba akasema kukata na kuunganisha ni saa chache, lakini kiatu lazima kilale. Anakivisha kalibu, lile jiti lenye umbo la mguu, anapaka gundi kati ya ngozi na soli, anakikaza kwa kamba, na kiatu kinalala usiku tatu. Mvua ikinyesha, nne. Ndipo anashona.

"Na ukikishona kabla?" Takwimu akauliza.

"Kitakuwa kizuri tu, binti yangu. Utakipeleka hadi mlangoni kinakuitikia. Kitakuaibisha njiani."

Nikamtania kwamba viatu vyake vinalala kuliko mimi siku za likizo. Akasema ndiyo maana vinaamka na akili. Takwimu akaandika hilo nalo.

Jumatano, Machi 13

Takwimu amewauliza wazazi arobaini langoni mwa shule mbili, huku mimi nikimshikia mwavuli na kuwachekesha ili wasikimbie. Thelathini na wanne wanamjua mjomba. Wote wanasema viatu vyake havifi, vinarithiwa. Lakini ishirini na tisa wameacha kwenda kwake kwa sababu ya kusubiri. Mtoto anafungua shule Jumatatu, mzazi anakumbuka viatu Jumapili. Ndivyo wazazi walivyo.

Ishirini na tisa, ndugu zangu. Dhahabu imelala chini ya kitanda na mwenye nyumba analalamika mgongo unamuuma.

Ijumaa, Machi 15

Nimeipata. Imenijia nikipiga mswaki, nikaitemea kioo. *Pima asubuhi, vaa jioni.*

Darasani niliisema kwa sauti mara moja tu na mtu wa nyuma kabisa akairudia bila kuombwa. Hapo ndipo unajua kaulimbiu imezaliwa ikiwa hai. Madamu Herufi alivaa miwani, akaitazama ubaoni, akasema ina miguu, itatembea.

Takwimu peke yake ndiye aliyekunja uso. Akauliza zile usiku tatu zimekwenda wapi. Nikamwambia mjomba anaweza kutengeneza namba zote mapema akaziweka rafuni, mteja akipima anapewa iliyokwisha kulala. Akauliza kama mjomba amekubali kufanya hivyo. Nikasema atakubali, namjua tangu sijaota meno ya pili.

Madamu akatukumbusha sheria ya kazi yetu. Kuna fomu ya ridhaa, ina mistari minane, kila mstari ahadi moja itakayotolewa kwa jina la mteja. Mwenye biashara anasoma, au anasomewa neno kwa neno, kisha anasaini. Alisema jambo ambalo mteja hakulisikia si lake, hata likiwa na picha yake.

Jumatatu, Machi 18

Mjomba amesaini. Namba anazisoma vizuri sana, lakini herufi ndogo zinamkimbia siku hizi, kwa hiyo nilikaa naye benchini. Tulimaliza kabla chai haijapoa. Alisaini polepole, akachora na mkia chini ya jina kama mtu anayesaini hati ya nyumba. Habari za kutengeneza viatu mapema hatujaziongea bado, alikuwa na wateja. Nitamwambia.

Jumatano, Machi 20

Tumepiga picha. Mjomba aliambiwa acheke, akacheka kama anang'olewa jino. Akaambiwa asicheke, hapo akacheka kweli, na ndiyo picha tuliyoichukua. Ana uso ambao hauwezi kukudanganya hata ukimlipa. Takwimu amesema hiyo ndiyo kampeni yenyewe, uso ule. Nikamwambia na kaulimbiu je? Akasema na kaulimbiu.

Jumatatu, Machi 25

Imetoka. Mabango kwenye malango ya shule tano, na kwenye simu za wazazi, kundi kwa kundi. Kufikia mchana rafiki ya mama aliye mji mwingine alikuwa ametumiwa. Shule zinafunguliwa Aprili nane. Kesho nitamwambia mjomba kuhusu rafu.

Jumanne, Machi 26

Mvua. Sikumwambia, alikuwa na kichwa.

Jumatano, Machi 27

Leo nina maneno mengi na hakuna hata moja la kuchekesha.

Saa mbili asubuhi alikuja mama mmoja na watoto wawili. Akawaketisha, akawavua soksi, akamwambia mjomba awapime, yeye anakwenda kazini, jioni atapitia viatu. Mjomba akacheka, akadhani ni utani. Yule mama akatoa bango kwenye mkoba, limekunjwa mara nne. Mjomba akalishika mbali na macho, akauona uso wake. Akamwomba amsomee. Yule mama akasoma kwa sauti, mimi nimesimama mlangoni na mkate mkononi.

Mjomba akalikunja tena bango. Aliwapima wale watoto, mguu wa kulia na wa kushoto, akaandika, akamwambia yule mama karibu jioni. Alipoondoka akaniita.

"Mjomba." Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. "Haya maneno yametoka wapi?"

"Kwenye fomu, mjomba. Ile uliyosaini."

"Yalikuwemo?"

"Mstari wa sita."

"Ukanisomea?"

"Nilikusomea, mjomba. Umesahau tu."

Nilingoja anirushie nyundo. Ningefurahi, kusema kweli. Nyundo inaumiza mara moja. Hakurusha. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba majibu yameandikwa viganjani, akasema taratibu, "Nimesahau." Halikuwa swali.

Nikaanza kumweleza rafu, na namba, na kwamba tunaweza kuwaambia watu wangoje kidogo. Akatikisa kichwa. Rafu haikuwa na hata jozi mbili, na ngozi ya kutosha haimo. "Sura ni yangu," akasema. "Kama nilisaini, nilisaini. Siwezi kusimama mlangoni kwangu nimwambie mtu kwamba sura yangu inasema uongo."

Akachukua kisu, akaanza kukata ngozi. Nikaenda chuo. Nilichelewa, na Madamu akatutaja kama mfano mzuri.

Alhamisi, Machi 28

Takwimu ameona foleni. Ametaka tutoe tangazo la kusahihisha: *Viatu vya fundi huyu hulala usiku tatu.* Nikamwambia kampeni haibadilishwi katikati, matokeo yataharibika. Akasema matokeo ya nini? Nikamwambia ya kwetu. Nilishinda ubishi. Mimi hushinda daima.

Jumanne, Aprili 2

Watu kumi na saba kabla ya saa nne. Wamekaa hadi kwenye ngazi. Mama amekwisha kuacha kuwapikia chai.

Ijumaa, Aprili 5

Mjomba ameanza kuvunja usiku. Kwanza alitoa usiku mmoja, akaufanya wa pili kuwa nusu, sasa hakuna. Viatu vimepangwa kuzunguka jiko la mkaa kama watu wanaoota moto. Nilimwona akibonyeza soli kwa kidole gumba, akikitazama kidole. Gundi ya jiko inakauka juu, chini inabaki uji. Hilo alinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka kumi, na leo aliponiona nikitazama, aligeukia ukutani kama mtu anayebadilisha shati.

Hajanilaumu kwa neno moja. Mtu akikutukana unamjibu. Huyu unamjibu nini?

Jumatatu, Aprili 8

Shule zimefunguliwa. Mvua tangu alfajiri, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Nimesimama dirishani nikatazama watoto wakipita na viatu vyetu, vyeusi, vinameremeta. Watu watasema nilijivuna. Nilijivuna.

Jumanne, Aprili 9

Mvua.

Jumatano, Aprili 10

Mvua.

Alhamisi, Aprili 11

Wa kwanza alikuwa mama yule yule wa bango. Aliweka jozi mbili mezani bila kusalimia. Soli zimeachama kama zinapiga miayo. Akasema alikuwa amewaambia watoto hivi ndivyo viatu vilivyomsomesha yeye.

Baada yake wakaja tisa. Mmoja, mzee wa makamo anayeuza vocha hapo kona na aliyekuwa akivaa viatu vya mjomba tangu ujana wake, alisema, "Fundi, umeanza kushona kwa mate?" Watu wakacheka. Mjomba naye akajaribu kucheka, kwa adabu. Ningempiga yule mzee, lakini sijui ningempiga kwa kosa la nani.

Wa mwisho hakuleta kiatu. Alikuja kusema tu. Binti yake wa darasa la tatu alipoteza soli kwenye tope, akatembea na mguu mmoja mtupu, akakanyaga chupa. Nyuzi nne. Mjomba akavua aproni, akauliza nyumba iko wapi, akaenda naye kwenye mvua bila mwavuli. Alirudi baada ya saa mbili. Alimwambia mama kwamba mtoto ni mpole, alimwonyesha kidonda na kumwambia asijali, hakiumi sana. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha kazi, hakushika kitu.

Madamu amesema kampeni yetu imeleta wateja wengi kuliko zote darasani.

Ijumaa, Aprili 12

Sikwenda chuo.

Jumanne, Aprili 16

Sasa mjomba anapima mguu mara tatu. Akiandika namba anamuuliza mteja tena, kisha anamuuliza mama kama amemsikia mteja. Leo aliniuliza kama amekunywa chai. Kikombe kilikuwa mbele yake, kitupu.

Nilimwambia mama anachoka tu, wateja wamemwandama. Mama akanijibu akiwa anachambua mchele, hakuinua macho: "Baba yetu alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau aliyoyakubali. Akamaliza kwa kuniita kwa jina la mama yake." Akasema mjomba naye analijua hilo, alimwuguza baba yao miaka mitano, alimwogesha. Hiyo ndiyo hofu yake, hana nyingine. Ya viatu watu wangesema, wangechoka, wangeilaumu mvua. Lakini hiki cha kusahau, akasema mama, kitamuua kabla hakijamfika.

Nikamuuliza kama anataka nimsaidie mchele. Sijawahi kuuliza hivyo maishani mwangu, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, Aprili 18

Kafunga karakana saa sita mchana. Amejiandikia ukutani kwa chaki: *jiko limezimwa.* Herufi kubwa, kubwa, ili azione.

Jumatano, Aprili 24

Ugomvi na Takwimu. Anataka tuweke kwenye wasilisho viatu vilivyorudi: arobaini na moja kati ya sitini na nane. Anataka na mguu wa yule binti. Nikamwambia hakuna mtu anayetangaza kaburi la mteja wake. Akatoa fomu kwenye jalada, akaweka kidole mstari wa sita.

"Ulimsomea huu?"

"Si amesaini?"

"Sikukuuliza alichofanya yeye."

Nikamwambia anaumwa na wivu, kwamba watu waliosoma shule zenye bustani hawapendi kushindwa na mlango wa uani. Nilisema na mengine. Nina kipaji, nilikwisha kusema. Akanisikiliza hadi mwisho, akafunga jalada. "Mimi nilihesabu kila kitu," akasema, "ila sikuwepo uliposoma."

Ameomba jina lake liondolewe. Atafanya kazi nyingine peke yake, ya wiki mbili, kwa muuza mboga.

Jumamosi, Aprili 27

Mvua imepungua. Hakuna mteja hata mmoja. Mjomba amepiga msasa kalibu zote, ishirini na sita, moja baada ya moja, siku nzima.

Ijumaa, Mei 10

Nimewasilisha. Chumba kikubwa, viti vya kitambaa, projekta inanguruma. Watu watatu wa kampuni za matangazo mbele, wa katikati amevaa raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona tope. Nilisimama, nikauonyesha uso wa mjomba ukutani, mkubwa kuliko mlango, nikanyamaza. Nilijua kimya kile kitafanya kazi. Kisha nikasema kaulimbiu, na nusu ya chumba ikaimaliza pamoja nami.

Mwenye raba aliuliza swali moja. Amesikia kulikuwa na malalamiko ya viatu, je, ahadi ile ilikuwa ya nani? Kabla sijafungua mdomo, Madamu Herufi alinyanyua fomu kutoka kwenye jalada, akaonyesha saini yenye mkia. Mteja alisomewa, akakubali, akasaini.

"Basi mawasiliano yalifanya kazi yake," yule mtu akasema. "Aliyeshindwa ni mzalishaji."

Wakaandika. Mzalishaji alikuwa ukutani nyuma yangu, anacheka.

Nimekuwa wa kwanza. Nafasi ni yangu, naanza mwezi wa sita. Wenzangu walinibeba hadi getini. Takwimu alikuwa wa kumi na nne na yule muuza mboga wake. Alinipa mkono. Mkono mkavu, mfupi, kama risiti.

Nyumbani mama alipiga kigelegele. Mjomba alitoka karakana, akanikumbatia, akaniambia alijua tangu zamani kwamba mdomo ule utakuja kula kwa jasho lake. Kisha akanishika bega akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, kama aliwahi kuniambia hivyo kabla. Nikamwambia hapana, mjomba, ndiyo mara ya kwanza. Akashusha pumzi.

Jumanne, Mei 14

Nimempeleka mjomba hospitali. Daktari kijana, mpole. Alimtajia maneno matano, akamwambia ayataje baadaye. Mjomba akayataja yote na akamrekebisha mpangilio. Akamwambia achore saa, ahesabu kurudi nyuma saba saba. Akahesabu kama mashine. Daktari akasema, "Mzee, kichwa chako kizima kuliko changu."

Njiani kurudi nilitaka kufurahi. Mjomba akasema daktari ni mtoto mzuri lakini hamjui. Atajuaje alichosahau mtu, kama mwenyewe hakijui? Alisema yeye anakijua kimoja kwa hakika, na kimoja kinatosha. Alisema ameketi siku nyingi akiutafuta ule mstari kichwani, chai ile, benchi lile, sauti yangu, na hakuna. Kuna shimo tu mahali pake. "Hilo ndilo linalonitisha, mjomba. Si kwamba nimekumbuka vibaya. Hakuna kabisa."

Tulipita maduka matatu kabla sijapata la kumwambia, na nililolipata lilikuwa tahadhari, kuna dimbwi.

Ijumaa, Mei 17

Ameshusha kibao cha mlangoni. Mama alilia jikoni. Mjomba alisema anafunga kabla hajamdhuru mtoto mwingine. Mguu wa mtoto unakua mara moja tu, akasema, na fundi asiyekumbuka alichoahidi hana haki ya kuushika.

Watu wa mtaa wanadhani amefunga kwa aibu ya viatu. Angalau wao wamekosea kidogo tu.

Jumapili, Mei 19

Leo tumepeleka kalibu kwa fundi mwingine, kijana wa mtaa wa pili. Mjomba amempa bure, zote ishirini na sita, na sindano, na ile nyundo. Mimi nilibeba gunia. Alimweleza kila kalibu tabia yake, hii inabana kidole kidogo, hii ni ya watoto wenye nyayo bapa, bila kutazama namba, bila kukosea hata moja. Yule kijana akamuuliza kwa nini anaacha, na mikono yake bado inafanya kazi. Mjomba akagusa paji la uso. "Kichwa hiki hakishiki tena," akasema, na akanionyesha kwa kidevu. "Nina bahati, huyu mpwa wangu ananikumbukia."

Tukarudi. Kutoka pale hadi nyumbani ni kona mbili. Amezipita miaka thelathini. Kwenye kona ya kwanza alisimama, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniomba nitangulie kidogo, ili akikosea njia nimwone.

Nikatangulia. Nimefika, nimekaa, nimechukua daftari, na nimeandika sentensi tano za kuchekesha nikazikata zote.

Mjomba hajasahau kitu. Kichwani mwake hakuna shimo lolote. Siku ile benchini fomu ilikuwa na mistari minane. Nilimsomea wa kwanza hadi wa tano, neno kwa neno, vizuri, naye akawa anaitikia kila mmoja. Halafu nikashusha kidole hadi wa saba. Na aliponiuliza, nikamwambia nilimsomea.